Nusu ya Rozari

Sabina alikuwa anageuza mapanki kwenye karai, pale karibu na stendi ya Buzuruga, babu yake alipofika na kuvuta kigoda. Mzee Luhende alikuwa amevaa suti ileile waliyomzika nayo wiki iliyopita, na mabegani alikuwa na udongo wa makaburi ya Mkolani. Mteja mmoja akasogea kumpisha, maana mzee ni mzee.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke mdogo." Alimwita hivyo tangu Sabina yuko mgongoni kwa mama yake. "Bibi yako mmemweka wapi?"

"Si tumekulaza ubavuni mwake?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nasali, haitikii."

Sabina akaepua karai. Hilo la kutoitikia lilimtia wasiwasi kweli, kwa sababu Bibi Paskazia hakuwa mtu wa kuacha kuitikia.

Mzee Luhende alitembea, jamani, acha tu. Vita vya Mwingereza vilimfikisha Burma, akarudi na vidole vyake vyote na rozari yake. Alipika kwenye meli, Bukoba, Kisumu, Port Bell, akawapikia mapadri Tabora, akaenda Namugongo kwa miguu kuhiji. Roma alikwenda na kwaya ya parokia, na alichosimulia zaidi aliporudi ni kwamba kule wali huwa hawauivishi. Bibi Paskazia yeye hakuwahi kuvuka Magu.

Basi walipatana. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mume popote alipo aanze Salamu Maria, aseme nusu yake, anyamaze. Mke, kizingitini kwake Ilemela, aitikie nusu iliyobaki. Wakafanya hivyo miaka yote ya ndoa. Kule Roma, ambako saa ziko nyuma, Mzee Luhende alimsumbua padri kutwa nzima kumuuliza Mwanza sasa ni saa ngapi. Wambea wa Ilemela walipomwambia Bibi kwamba mwanamume wa meli ana mke kila bandari, aliwajibu kuwa mwenye wake wengi hivyo hapati nafasi ya kusubiri aitikiwe.

Bibi alipofariki walimzika nyuma ya nyumba, kichwa kikielekea ziwani. Ikaja miaka ya wawekezaji. Pale walipoishi pakawa kiwanda cha minofu ya sangara, na familia ikahamia Buzuruga. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa, yaani mapanki, ikawajia kina Sabina wakaange. Kuhusu kaburi, afisa wa kiwanda aliwaambia wasihangaike, wataalamu wamekwisha kumhamisha marehemu kwa heshima zote. Akawapeleka Mkolani, akawaonyesha kaburi jipya lenye msalaba wa saruji. Padri akalibariki, jumuiya ikaimba. Mzee Luhende kwa furaha akampa afisa yule jogoo.

Sabina akamwachia jirani yake Justa karai, wakaondoka na Babu kwenda Ilemela.

Saa kumi na mbili iliwakuta nje ya ukuta wa kiwanda. Babu akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Salamu Maria, umejaa neema," akaanza, akasema nusu yake mpaka mwisho, akanyamaza. Kutoka chini ya sakafu ya chumba cha barafu ikaja sauti, yenye ile *l* ya Kisukuma ambayo hakuna katekista aliyefaulu kuiondoa:

"Malia Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee."

Nkwabi, mlinzi wa getini, akachungulia. "Kumbe ni wewe, mzee? Huyu mama anaitikia kila jioni tangu nimeajiriwa. Tulikuwa hatujui anamwitikia nani."

Babu akalia. Miaka yote ile ya Buzuruga alikuwa anasali akiwa ameelekea Mkolani. Sabina naye akalia, wala hakuona haya mbele ya wafanyakazi waliokuwa wanatoka zamu. Akaapa kwamba bibi yake atatoka mle.

Kesho yake akaenda kwa afisa. Afisa hakubisha. Alikubali kushuka mwenyewe jioni hadi chumba cha barafu, akainamisha kichwa akasikiliza fumbo zima la rozari, akakiri kwamba mama ana sauti nzuri.

"Lakini dada yangu," akasema, "kiserikali bibi yenu yuko Mkolani. Kama yuko hapa, basi amevamia eneo la mwekezaji. Hilo mimi nalifumbia macho."

"Mchimbueni tumchukue."

"Nivunje zege? Na wakaguzi wa Ulaya wako njiani?"

Sabina akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda mpaka wilayani. Kote walimpa pole, na kote walimwambia marehemu ana kaburi, tena zuri, lenye msalaba.

Babu akawa anatoka Mkolani kila alasiri, anapita Buzuruga, anaendelea hadi ukutani. Majirani wakamzoea, wakawa wanamtuma salamu kwa wafu wao. Jioni moja alirudi kwa Sabina badala ya kwenda zake kulala.

"Anasema baridi," akasema. "Mimi baridi naijua, nimelala Roma. Yeye hakuizoea."

Sabina akaingia ndani, akavua blanketi kitandani kwake.

Sasa ndivyo mambo yalivyo. Jioni Nkwabi hulipokea getini kwa Babu na kulitandika kwenye sakafu ya barafu, juu ya mahali sauti inapotokea. Alfajiri wasafishaji hulitoa, kwa kuwa kanuni za usafi haziruhusu nguo humo, na hulirusha nje ya ukuta likiwa limekakamaa kama ubao. Sabina huliokota, hurudi nalo, huliegemeza kwenye mwamba nyuma ya nyumba hadi lilegee. Kisha hulitandaza juu ya mwamba, juani.

Babu akifika, huinama kwanza akaligusa kwa shavu.

"Bado kidogo," humwambia mjukuu wake.

Nao hukaa pale mwambani, wakilisubiri lipate joto.