Siku Trela Zilipoingia Uani

Mimi sina ugomvi na kodi. Nimeuza mitumba sokoni Malaba miaka mingi, na kila asubuhi namlipa mtoza ushuru bila kumtukana, jambo ambalo si wengi pale sokoni wanaoweza kujisifia. Lakini kulipa ni kitu kimoja na kuonewa ni kingine. Mwaka jana orodha mpya ya uthamini wa ardhi ilipobandikwa ukutani Amagoro, boma langu lilikuwa limeandikwa paking ya biashara ya trela. Boma langu mimi Anyait, lenye mihogo, mbuzi na kaburi la mume wangu.

Kwanza nilicheka. Kisha nikaona kodi waliyonipangia, nikaacha kucheka. Kwa kodi ile ningeanza kwa kuuza mbuzi, nifuatishe mabati, na mwisho wake ningeuza ploti yenyewe.

Mama wa dirisha la kulipia kodi alinieleza kwamba picha zilipigwa kutoka angani kwa kile kindege cha kamera, droni. Kwenye picha, ua wangu ulijaa trela. Wathamini waliangalia wakaamua kama mtu yeyote wa mpakani angeamua: penye trela nyingi ndani ya ua, hapo pana paking. Nikamuuliza picha ilipigwa lini. Aliponitajia tarehe nilimwomba airudie, maana ilikuwa ni siku tuliyomzika Osukuku, mume wangu.

Osukuku aliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala hadi ugonjwa ulipomshusha. Siku ya mazishi, madereva wenzake waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda walijitoa kwenye foleni. Asiyeishi hapa hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Foleni ya Malaba ikishika, dereva hula ndani yake, hulala ndani yake, na hugombana na mkewe kwa simu akiwa ndani yake. Nafasi yake huilinda kama mboni ya jicho, kwa sababu ukitoka unarudi kuanza mkiani. Wale walitoka. Waliingiza trela zao uani kwangu ili barabara isizibe, wakafunga matawi mbele ya vioo, wakabeba jeneza wenyewe. Mimi nililia siku ile kwa uchungu, na pia kwa fahari, na sioni aibu kusema hivyo.

Jioni ya siku niliyoona orodha, shemeji yangu Ejoku, mdogo wake marehemu, alikuja kunywa chai.

"Shemeji, hii maneno si mbaya," alisema. "Kama serikali imesema ni paking, wacha ikuwe paking. Trela zitalipa hiyo kodi na sisi tubaki na ya kukula."

"Na kaburi?"

"Hiyo tunapiga simiti juu. Trela zinapita tu."

Nilimwambia amalize chai aende. Kabla ya kutoka alinikumbusha kwamba shamba bado liko kwa jina la Osukuku, na kwamba mali ya ndugu ni ya ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua kabisa kilicho mbele yangu: nikishindwa kuiondoa ile paking kwenye orodha, kodi itanishinda, Ejoku ataingia, na magurudumu yatapita juu ya kifua cha mume wangu.

Nikaweka pingamizi. Siku ya kusikizwa nilivaa kitenge changu cha buluu, kile ambacho sivai kwenda kuomba msaada. Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo Amagoro. Mwenyekiti alikuwa Mzee Barnabas, mwalimu mkuu mstaafu, pamoja na Mama Roselida wa kanisani na Mzee Emorut, mzee mpole ambaye husikika tu akiimba. Upande wa pili alikaa mthamini, dada mmoja aitwaye Mercyline, aliyehamishiwa kwetu kutoka Vihiga baada ya mazishi yale. Ejoku naye alikuja, akakaa nyuma kabisa.

Mercyline alimulika ile picha ukutani, kubwa kama shuka.

"Mama, hii ploti ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hizi ni trela?"

"Si ng'ombe."

Watu walicheka. Mercyline hakukasirika, na hapo nikaanza kumpenda kidogo.

"Sasa mama, kama trela ziko kwa boma yako, mimi ningeandika nini?"

"Ungeandika matanga. Hizo zilikuja kuzika bwanangu. Zilikaa siku moja na hazijawahi kurudi."

"Uko na shahidi?"

Nilitembea hadi ukutani, nikaweka kidole kwenye duara la kijani kando ya kaburi.

"Niko naye. Huu mwavuli ni wa Mzee Barnabas. Alihubiri chini yake mpaka chakula ikapoa."

Watu waligeukia kiti cha mwenyekiti. Mwavuli ule unajulikana kutoka Malaba hadi Kocholia. Barnabas aliutazama ukutani, akautazama ule wenyewe ulioegemea kiti chake.

"Ni mimi," alisema. Kisha akasimama. "Lakini mtu hawezi kuwa hakimu na shahidi. Mimi natoka kwa kiti."

Akaja kuketi kwenye benchi letu. Nilikuwa bado nafurahi nilipomwona Mama Roselida anakusanya mkoba wake.

"Basi hata mimi nitoke. Mimi ndiye nilipika."

Mzee Emorut alisema yeye aliimba kwaya, akamfuata. Meza ikabaki na chupa za maji. Huo ndio mji wetu: ukitafuta hakimu ambaye hakula matangani kwako utangoja sana. Karani wa kamati alisema bila kamati hakuna uamuzi, na bila uamuzi orodha inabaki ilivyo. Nyuma kule Ejoku alikuwa anatabasamu. Nilikuwa na mashahidi watatu, na kesi yangu ilikuwa inakufa kwa wingi wa mashahidi.

Hapo ndipo hasira ilinisaidia. Nilimgeukia Mercyline.

"Wewe hukukula matanga yangu. Hiyo kazi ya kuandika paking ni yako. Unaweza kuirekebisha wewe mwenyewe?"

Alifikiri. "Kabla kamati iamue, naweza. Lakini lazima nione ploti kwa macho yangu."

"Basi twende. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tulifika saa tisa alasiri. Ejoku alitufuata kwa bodaboda, akasimama langoni kama mtu aliyealikwa. Mercyline alitoa futi kamba na ile simu yake pana, akataka kuanza kupima. Nikamshika mkono.

"Dada, kwetu mtu mwenye hakufika matanga, siku akifika haanzi na kitu ingine. Anaanza kwa kaburi."

Angeweza kukataa. Alikuwa mtu wa serikali, na saa za kazi zilikuwa zinakwisha. Lakini aliweka vyombo vyake kwenye kigoda, akanifuata hadi kwenye kaburi, akainamisha kichwa. Alisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akanipa mikono yote miwili, akaniambia pole kwa sauti ya mtu ambaye naye amewahi kuzika. Nilimpa chai na muhogo wa kuchemsha, akala, kwa kuwa mfiwa hakataliwi chakula chake.

Baada ya hapo ndipo alipozunguka. Aliona mihogo imesimama pale pale trela zilipokuwa zimeegeshwa. Aliona nyasi, mbuzi na kamba ya nguo. Hakuna mtu anayefanya biashara ya trela akapanda mihogo katikati ya paking.

"Mama, hii ni nyumba ya kuishi," alisema. "Naondoa paking."

Nilimwangalia Ejoku. Nilijisikia mrefu.

"Lakini kuna kitu ingine." Mercyline alikuwa ameshika ile simu bila kuandika. "Mwenye ameandikwa hapa ni Osukuku. Na mimi nimetoka kwa kaburi yake sasa hivi. Siwezi kuandika mtu mwenye nimeona amelala. Mambo ya hatimiliki ni ya korti, hiyo utafuata polepole. Lakini kwa orodha ya kodi nataka mwenye anaishi hapa, mwenye atalipa. Niandike nani?"

Ejoku alikohoa. "Andika mimi. Mimi ndiye ndugu."

"Unaishi hapa?" Mercyline alimuuliza. Ejoku aligeuka akatazama langoni.

Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimepigania boma lile libaki la Osukuku, na haikuwa imenipitia kichwani kwamba kulilinda kungemtoa yeye.

"Na jina lake?" niliuliza.

"Litatoka, mama."

Nilitazama kaburi. Nilimwona Ejoku anapanua kifua kungoja, na nikajua kwamba nikichelewa kidogo tu atasema neno lingine, na neno hilo litakuwa na magurudumu.

"Andika Anyait," nikasema.

"Shemeji, si tungoje kwanza tukae kama familia," alisema Ejoku.

"Andika."

Akaandika.

Mwezi wa tatu nilienda kulipa. Miaka yote dirisha lile la kodi lilikuwa linaita "Osukuku", nami naitika, hata baada ya kumzika. Safari hii liliita Anyait. Nilibaki nimekaa kwenye benchi. Likaita tena, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama si mimi. Nikamwambia ni mimi. Nilisimama, nikalipa, nikarudi nyumbani kwangu.