Buti za Mzee Kasanda Zaitwa Lindoni

Jana usiku, baada ya kukohoa kikohozi cha kiume mara tatu pale mlangoni na kuzima taa, nilijilaza, na usingizi uliponichukua nikaota.

Wajukuu zangu, msicheke hicho kikohozi. Babu yenu Mzee Kasanda ana mwaka wa sita kaburini, na mimi naishi peke yangu hapa Tabora, kwenye nyumba ambayo nondo za dirisha lake la nyuma nimezizidi umri kidogo tu. Mtaa umeingiliwa. Wameiba ndoo, wameiba jogoo wa Mama Sizya, wameanua nguo mbichi kwenye kamba. Basi kila jioni natoa buti zake za kazi, zile alizokuwa akivaa relini, namba kumi na moja, naziweka barazani. Nazipaka tope kidogo zionekane zimevuliwa sasa hivi. Halafu nasema kwa sauti, "Baba, chai inapoa," nakohoa, nafunga mlango. Mwizi akipita ajue mna mwanaume humu.

Si kwa ajili yangu. Mimi nina nini cha kuibwa? Ni kwa ajili ya sufuria. Kikundi chetu cha akina mama, Tujaribu, kina sufuria moja kubwa la kupikia shughuli, na mimi ndiye mtunzaji. Wali wa harusi na misiba yote ya mtaa umetoka humo. Jumamosi hii kuna harusi. Likipotea mikononi mwangu hakuna atakayesema limeibwa. Watasema Nyamizi kaliuza. Hapo nitaishi vipi na watu?

Na ninayemshuku ninaye. Ni Tausi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi anakuja kuomba chumvi. Mtu gani anaishiwa chumvi kila siku ya Mungu? Akiingia, macho yake yanakwenda kwanza barazani, halafu jikoni, yanatua kwenye sufuria. Yeye ana mume, dereva wa lori, raba zake nyeupe ziko mlangoni kila jioni. Mwenye mtu wa kumbebea sufuria ni yeye, si mimi.

Sasa ndoto yenyewe.

Ni usiku, lakini jua liko utosini. Wezi wamebadili zamu, kwa hiyo na usiku umehamishwa. Hakuna anayeshangaa. Mimi nachambua mchele. Hodi inabishwa. Ni Balozi Lugendo wa nyumba kumi, ana daftari, na nyuma yake kamati ya ulinzi, watu wanne wamebeba mlango.

"Karibuni," nasema. "Mlango huo wa nani?"

"Wa kwako, Bibi. Tumeubeba usije ukaibwa."

Nageuka kutazama. Kweli, mlango wangu haupo. Nikawashukuru, wakakaa juu yake.

"Tumekuja kukagua zile sheria tulizosoma mkutanoni," Balozi akasema. "Sheria ya kwanza, kila mali iandikwe jina la mwenyewe. Umeandika?"

"Nimeandika. Kwa rangi nyekundu."

Balozi akafungua daftari akaita, "Nyamizi Kasanda!"

"Abee," nikaitika.

"Abee," ikaitika ndoo.

"Abee," likaitika jembe. Kigoda kikaitika, jiko la mkaa likaitika, kinu na mchi wake wakaitika pamoja. Chungu kilikuwa kimesinzia, kikaitika peke yake wengine walipokwisha kunyamaza.

"Yupi kati yenu mwenye nyumba?"

"Mimi," tukasema wote.

Kamati ikanong'onezana. Wakakubaliana mwenye nyumba ni jembe, kwa kuwa ndilo lililosimama wima. Mimi nikaandikwa kwenye mali, chini ya kigoda.

"Hali yake?" Balozi akaliuliza jembe.

"Kikongwe, ila bado kinatumika."

Jibu lile sikulipenda. Nikalikazia macho, nalo likatazama pembeni kama halinijui.

Sufuria halikuwa limeitika, maana lina jina la kikundi. Balozi akaliita kwa jina lake. "Tupo," likasema, kwa sauti ya wanawake ishirini.

"Sheria ya pili," Balozi akaendelea. "Nyumba yenye mwanaume itoe mtu mmoja wa lindo. Hapa kuna buti. Mzee Kasanda hajaonekana lindoni mwaka wa sita huu."

"Amefariki, Balozi. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Nilibeba, na lilikuwa zito. Lakini nasikia chai yake inapoa kila jioni. Na juzi alikohoa."

"Nilikohoa mimi."

Wale wanne wakacheka kwa ustaarabu. "Bibi," mmoja akasema, "kikohozi kile kina ndevu."

Buti zikaitwa kutoka barazani zije zijieleze. Zikaingia moja moja, zikasimama mbele ya kamati.

"Hatukuitwa," ikasema ya kushoto.

"Tuliitwa," ikasema ya kulia, "ila huyu mama ametujaza magazeti, hatusikii."

Balozi akaandika maneno hayo yote. Kisha akafunga daftari. "Nyumba isiyotoa mtu inatoa chombo chake kizito kuliko vyote. Kitakaa rehani mpaka mzee ajitokeze."

Sufuria likasimama lenyewe, likachukua mfuniko wake, likauvaa. "Tunakwenda, Nyamizi," likasema. "Jumamosi waambie wapike kwenye vikombe."

Moyo ukanipasuka paa! Nikawaona wenzangu wa kikundi wamejipanga ukutani, wamekunja mikono.

"Ngojeni," nikasema. "Mzee anatoka sasa hivi anakwenda lindo."

Nikatoa magazeti, nikaingiza miguu kwenye buti. Zilinipwaya kama nimevaa ndoo mbili. Balozi akanitazama kuanzia kichwani, alipofika miguuni akainama kwa heshima. "Shikamoo, Mzee Kasanda."

"Marahaba," nikajibu. Ningesema nini?

"Kabla hujatoka, mzee, sheria ya tatu. Jirani ni jicho la jirani."

Mmoja wa wanakamati akalifungua jicho langu la kushoto kama mtu anavyofungua kifungo cha shati. Halikuuma. Akaenda nalo kwa Tausi, akarudi na la Tausi, akaliweka kwenye sahani karibu na sufuria. Jicho lile likaanza kulitazama sufuria papo hapo. Nikajisemea, haya basi, mwizi kaletewa kiti cha mbele.

Lakini na mimi sasa naona kwake. Kwa la kulia naona jikoni kwangu, kwa la kushoto naona chumbani kwa Tausi. Kuna kikombe kimoja. Kuna sahani moja. Kitandani kuna mto mmoja. Namtafuta mumewe uvunguni, nyuma ya pazia, ndani ya kabati. Hayupo. Kwenye kona kuna vikopo vimepangwa hadi darini, na ndani yake chumvi yangu yote ya tangu mwaka jana, haijaguswa hata punje.

Kisha Tausi mwenyewe anaingia. Anaokota raba nyeupe, anazifuta kwa kitambaa, anaziweka mlangoni. Anasema kwa sauti, "Baba, usisinzie na simu mkononi!" Halafu anaziba mdomo kwa kiganja, anakohoa.

Nikazidi kumshuku. Mwanamke anayejisingizia mume, nikawaza, kesho atajisingizia sufuria.

Nikatoka. Getini lilikuwa limekaa kufuli langu, limekuwa kubwa kama nyumba, linapiga miayo.

"Nifungulie, nakwenda lindo."

"Yeyote anaweza kunifungua," kufuli likasema. "Pale dukani niliponunuliwa tulikuwa arobaini, ufunguo wetu mmoja. Nimechoka kujifanya. Siku hizi napitisha watu kwa akili tu. Kitendawili!"

"Tega," nikasema, na roho ikanitulia, maana mnajua bibi yenu kwenye vitendawili hana mpinzani.

"Nilimfungulia mlango mwenyewe. Hajaiba kitu, lakini nyumba imebaki tupu."

"Panya."

"Panya anaiba."

"Moshi. Upepo. Mkwe."

"Hapana, hapana, na hapana. Nipe mji."

"Haya, chukua Urambo," nikasema, kama tunavyosema siku zote mtu akishindwa.

Kufuli likafungua mdomo, likaichukua Urambo. Iliingia stesheni kwanza, likafuata soko, ikafuata tumbaku yote ghalani, na mwisho mdogo wangu Kalunde, ambaye ameolewa kule, na kitenge chake kichwani. Likafunga mdomo, kwachu!

"Lakini ile ni desturi tu!" nikapiga kelele.

"Na mimi nimefuata desturi. Lindo lako liko huko huko ndani. Pita."

Nikapita tundu la ufunguo na buti zangu. Ndani ya kufuli mji wa Urambo ulikuwa umejaa giza na harufu ya grisi. Kalunde alikuwa amekaa relini.

"Dada, umetutoa sisi?" akasema. "Nzega hukuiona?"

Kabla sijamjibu nikasikia hatua zinakuja upande wa pili. Zilikuwa raba nyeupe, na ndani ya raba alikuwemo Tausi, ameshika mwiko kama rungu.

"Shikamoo, Bibi Nyamizi."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Anafunga turubai la lori."

"Tausi, nimeona kwako. Mto ni mmoja."

Akatazama chini, kwenye raba. "Ana mwaka wa pili hajarudi," akasema. "Simu haipokei. Nikisema, wezi wataniingilia."

"Na sufuria langu?"

"Bibi, nimelifanya nini?"

"Unalitazama."

"Nalitazama kwa sababu siku likipikiwa, kwako kunajaa watu, na mimi usiku ule nalala bila woga. Siku nyingine nakuja asubuhi kuangalia zile buti. Najua mzee alifariki, nilikuwepo msibani. Lakini zina tope jipya kila siku. Nikasema, pengine kuna namna amerudi. Basi nikiziona, nasema hapo ukuta wa pili yupo mwanaume."

"Ungesema tu unaogopa."

"Na wewe mbona hukusema?"

Hata hivyo sikumwamini moja kwa moja. Nilimwambia anyooshe mikono, nikaikagua. Ilikuwa miwili tu, kama yangu.

Hapo ndipo mwizi alipotokea. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, amevaa shati la kuchomekea, ana gunia mgongoni. Ndani ya gunia mlikuwa mnatoka kamba ya nguo, dirisha, na kichwa cha jogoo wa Mama Sizya. Akasimama mbele yetu, akainama, akazichunguza buti, akazichunguza raba.

"Samahani," akasema. "Wenye viatu hivi wapo?"

Tulitazamana na Tausi. Tukakohoa. Tulikohoa pamoja, kwa nguvu zote, mpaka bati za Urambo zikagongana.

"Ah, shikamooni wazee wangu," mwizi akasema. "Sikujua mpo." Akamtoa jogoo taratibu, akamweka chini, akaanza kurudi kinyumenyume.

Tukamfuata. Tulitembea naye kufuata reli, yeye kinyumenyume, sisi tunakohoa, stesheni hadi stesheni, bila kupumzika. Nilipotaka kukaa Tausi alinivuta, alipotaka kukaa nilimvuta. Mwizi alipokwisha kuwa mdogo kama punje ya ulezi, Tausi akasimama ghafla.

"Bibi, ulitegewa kitendawili gani?"

Nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Shaka," akasema. "Si ni shaka?"

Kufuli likaguna kama mtu aliyenyang'anywa tonge. Likafunguka, likaitema Urambo, tumbaku na soko na stesheni, na Kalunde wa mwisho anapangusa grisi. Jua likanipiga machoni.

Nikaamka. Kumekucha. Nikakimbilia jikoni: sufuria lipo, limefunikwa kifudifudi kama nilivyoliacha. Nikamshukuru Mungu, nikasema ni ndoto tu. Nikapiga hatua moja, nikaruka. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge, kubwa kama harage, limejaa maji.

Nikajiambia ni kandambili zimenichubua. Lakini kandambili hazibani kisigino.

Nilikuwa bado nimekaa nalitazama nilipomsikia Tausi anaita hodi. Alikuja anachechemea, anakanyagia vidole.

"Shikamoo, Bibi. Samahani, una plasta?"

Ilikuwa imebaki moja, kwenye kopo la dawa. Nilimtazama mguu wake, naye akatazama wa kwangu.

"Mguu gani?" nikamuuliza.

"Wa kushoto."

"Mimi wa kulia. Kaa hapa," nikasema, nikachukua mkasi, nikaikata katikati.