Mkia wa Ngoma

Mguu wa kushoto ulikuwa umegoma tena. Mwashi alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikia, jasho likimtiririka, na ngoma ikapiga, ikapiga, ikapiga bila yeye kupiga hatua.

"Kaka, hiyo ilikuwa ngoma yako ya kukanyagia," alisema dada yake, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki na kompyuta na spika ndogo mapajani. "Na hiyo nayo. Na hiyo."

"Nimezisikia zote. Kilichopooza ni mguu, si masikio."

Mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, aliitazama saa ya ukutani. Dada mtu alielewa. Leo ndiyo siku ya mwisho ya wiki sita alizopangiwa kaka yake. Akifika mlangoni kwa miguu yake, anaongezewa wiki sita nyingine. Asipofika, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, na Mwashi anarudishwa nyumbani na kiti cha magurudumu. Na nyumbani kwao ni ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Mtu aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule angebaki kuutazama kutoka dirishani.

Ngoma yenyewe ilikuwa kazi ya huyo dada, na kuhusu ngoma zake huwezi kumwambia kitu. Watu walimwita Fundi Mdundo. Hajawahi kuwamba ngozi maishani mwake. Ngoma zake anazipika ndani ya kompyuta. Huchukua wimbi moja tupu la sauti, akalianzisha juu kwa sauti nyembamba, kisha akaliporomosha chini kwa sauti nzito, kufumba na kufumbua, na sikio likalipokea poromoko hilo kama dundo. Halafu huliachia mkia, mvumo mrefu unaojikokota na kuzama taratibu. Wanamuziki walikuwa wakimfuata kwa ajili ya mkia huo, naye kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Kwa hiyo mtaalamu aliposema kwamba mdundo husaidia mguu kukumbuka kutembea, alimtengenezea kaka yake ngoma yenye mkia mrefu kuliko zote. Alitaka imbebe. Wiki nzima ngoma ikapiga, na wiki nzima mguu ukachelewa. Akapunguza mwendo, mkia nao ukarefuka, na mguu ukachelewa zaidi. Akaongeza sauti, mpaka mgonjwa mmoja akauliza kama kuna jengo linabomolewa.

Sasa aliizima.

"Kaka, niambie ukweli. Kwa nini unachelewa?"

"Sichelewi. Nangoja iishe."

"Nini iishe?"

"Hiyo ngoma yako. Bado inalia, mimi ninyanyue mguu niende wapi? Tofali halijakaa sawasawa, utaweka jingine juu yake?"

Wiki nzima Fundi Mdundo alikuwa ameulaumu ule mguu wa watu, kumbe mguu ulikuwa na adabu zake, unasubiri ngoma imalize kuongea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama, nakuomba dakika tano," alimwambia mtaalamu.

"Nakupa tatu."

Akavaa vipokea sauti vya masikioni. Akaukata mkia wote kwa mkupuo, na tusidanganyane, ulimuuma. Kilichobaki kiligonga kama kopo tupu. Hapana, hiyo si ngoma ya kukanyagia. Akarudisha uzito kidogo pale chini, kiasi cha kujaza unyayo tu. Kisha mwanzoni kabisa mwa kila dundo akapachika mchakacho mdogo, kama kiatu kikigusa mchanga, ili mguu ujue pa kuanzia. Akakosea, akafuta, akarudia.

"Muda," alisema mtaalamu.

Dundo. Kimya. Dundo. Kimya. Sauti ilikuwa fupi, kavu, haina urembo wowote. Angeipeleka kwa wateja wake wangemcheka. Lakini katikati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi safi, na mguu wa kushoto ukaingia humo.

Kisha wa kulia. Kisha wa kushoto tena, ukiburuza ncha, lakini kwa wakati wake. Mwashi alifika mwisho wa vyuma. Akaviachia. Dada yake alishika kiti kwa mikono miwili. Hatua nne zilibaki, halafu mbili, halafu kaka yake akaweka kiganja kwenye fremu ya mlango na kusimama pale, mabega yakipanda na kushuka.

Mtaalamu aliandika kitu kwenye faili, akaligeuza ili Fundi Mdundo asome. Wiki sita. Dada mtu akashusha pumzi ndefu, kifua kikawa chepesi ghafla, machozi yakamtoka bila kuaga.

"Wewe," Mwashi aliita, mgongo bado umewaelekea.

"Naam, kaka."

"Ongeza mwendo kidogo. Unanichelewesha."

Dada yake alijifuta uso kwa kiwiko, akapandisha mapigo kutoka hamsini hadi hamsini na mawili kwa dakika. Alipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu. Akaikumbatia kompyuta na spika yake, akatoka nayo koridoni inadunda kifuani, akimfuata.