Kura Mbili za Inishlara

Attracta Gaughan alipiga kura Alhamisi, kama watu wote wa kisiwa cha Inishlara, ndani ya darasa, kwa penseli iliyofungwa uzi ili isiibwe. Alipotoka alimchekea kila aliyemwona.

Kisiwa kizima kilikuwa na wapiga kura thelathini na mmoja, na mmoja wa waliogombea urais alikuwa wao: Fergal Lavelle, mtoto wa Philomena. Huko Ireland mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, na Philomena alipita nyumba kwa nyumba na daftari la majina. "Namba moja unampa nani?" aliuliza, keshajikalia jikoni kwako na chai yako kaishika mkononi. Nani angethubutu kusema vingine? Kila jina likapata alama. Redio ilisema kwa maoni ya wananchi Fergal ni wa tatu Ireland nzima. Philomena akasema hao wa redio hawajui wa kumuuliza.

Attracta naye alijibu, "Fergal, nani mwingine?" na alikuwa anamaanisha. Aliyeharibu ni Fergal mwenyewe. Jumanne alitokea kwenye televisheni, akafuta jicho mbele ya taifa, akasimulia alivyomuuguza bibi yake mzaa baba miaka miwili, akimwosha na kumnywesha supu kila jioni. Miaka miwili! Wakati huo Fergal alikuwa Dublin akiuza majumba. Aliyemwosha kikongwe yule ni Attracta, na mgongo wake haujanyooka mpaka leo. Basi penseli ilipofika kwenye jina la Fergal ikapitiliza, ikampa namba moja mwalimu mmoja mwanamke wa Wexford ambaye Attracta hata sura yake haikumbuki sawasawa. Fergal akampa namba mbili, asije akaonekana mbaya. Aonekane na nani, hajui.

Ijumaa asubuhi, akikoroga uji wa shayiri, ndipo akakumbuka. Mwiko ukamtoka mkononi.

Huko Castlebar, mji wa bara kura zinakohesabiwa, masanduku yanapofunguliwa, watu wa kila mgombea huegemea uzio wa ukumbi na makaratasi yao, wakiandika kila kura inapokunjuliwa. Aliyeipiga hawamjui, ila sanduku limetoka wapi wanajua. Sanduku la watu elfu moja halisemi kitu. La watu thelathini na mmoja linakaribia kutaja jina.

Na Attracta alikuwa na cha kupoteza. Figo za mumewe, Dinny, zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alivushwa kwenda bara kusafishwa damu kwa mashine. Boti ilikuwa ya Philomena. Aliyeiendesha ni Austin, shemeji yake Philomena, baba mdogo wa Fergal, ambaye humbeba Dinny mikononi kama kitoto kichanga. Boti nyingine haikuwepo. Hiyo ikisemekana mbovu wiki moja tu, Attracta ni mjane.

Jumamosi wote waliitwa jikoni kwa Philomena kusubiri matokeo. Mikate, paja la nguruwe, chai nyeusi kama lami. Attracta alitafuna bila kumeza. Simu ikalia; Philomena akaiweka juu ya meza ili wote wasikie. Alikuwa binti yake Concepta, kule kwenye uzio wa kuhesabia kura.

"Mama, la Inishlara limefunguliwa."

"Sema, mwanangu. Thelathini na moja."

"Ishirini na tisa."

Mtu akaweka kikombe chini taratibu sana.

"Na mbili?"

"Mbili za yule mwalimu wa Wexford."

Attracta akaacha kutafuna. Mbili? Moja anaijua. Nyingine ya nani? Akamtazama Dinny. Dinny alikuwa anajiongezea nyama.

Philomena alifunga daftari lake. "Kuna watu wawili humu ndani wananichekea."

"Nikiwajua, bahari wataivuka kwa miguu," akasema Austin, sauti nzito, macho sakafuni.

Watu wakamgeukia Packy, mzee kapera anayebishana hata na kondoo.

"Msinitazame mimi! Nilisahau miwani, sijui hata nilimpa nani."

"Labda ni mimi na Baba Mtakatifu," Dinny akasema.

Attracta alimkanyaga mguu kwa kisigino. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani alifunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya Inishlara.

"Dinny, ni wewe?"

"Mimi nilimpa Fergal. Kwani nina haraka ya kufa?" Kisha akamtazama mkewe vizuri. "Ee Mungu wangu. Attracta!"

"Nyamaza."

"Kwa ajili ya supu ile?"

"Nyamaza, nimesema."

Jumatatu walifika gatini mapema, upepo ukiwachapa. Boti haikuwepo. Dakika kumi. Ishirini. Dinny alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akijifanya anahesabu ndege. Attracta alikuwa akitunga namna ya kupiga magoti mbele ya Philomena, maneno gani ayatangulize, alipousikia mngurumo nyuma ya mwamba.

Austin hakusalimia. Alimbeba Dinny, akamweka ndani, akafunga mlango wa kibanda. Kisha akamrudia Attracta, kamba mkononi.

"Mama yangu nani alimwosha?"

Angeweza kusema Fergal. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na mume wake alikuwa tayari ndani ya boti.

"Mimi," akasema, na macho akayafumba.

"Na maji nani alikuchotea?"

Attracta akayafumbua. "Wewe, Austin."

Austin akatupa jicho juu kilimani, kwenye dirisha la Philomena. Pazia lilisogea. Austin akalipa kisogo dirisha hilo, akainamia kamba.

"Basi kura ya pili ni yangu. Cheka, anatutazama."

"Siwezi kucheka."

"Cheka, mama wee. Chombo hiki ni chake. Akijua, Dinny na mimi tutaogelea pamoja."

Attracta akacheka, akampungia mkono Philomena, meno yakigongana.