Kigumba Kisichonyoa

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan mwindaji wa upinde humtambui kwa kofia. Mtazame mkono wa kushoto. Ikifika Septemba huwa umenyolewa ukawa upara, kwa sababu kigumba cha mshale hakiingii msituni mpaka kinyoe vinyweleo vikavu, bila maji wala sabuni. Kanisani, wanaume wakikunja mikono ya mashati ili wanywe kahawa, utadhani wote wamepatwa na ugonjwa mmoja.

Mume wangu Reino ana miaka sabini na nne na ubishi wa watu watatu. Mwaka jana alianguka kutoka kwenye dungu lake, lile jukwaa analolifunga juu ya mti ili amvizie kulungu, akavunjika nyonga. Daktari alisema akianguka tena tutamzika. Nilimsihi, nikalia, nikanuna. Akasema atapanda.

Basi nikaacha kulia nikatumia akili. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nilikwenda dukani, nikamwambia muuzaji anipe vigumba vya chuma kigumu kuliko vyote, ambavyo hata shetani mwenyewe akivinoa atachoka. Reino alivipokea akanibusu, maskini.

Chuma kile kiliikataa tupa. Iliteleza juu yake ikipiga kelele, mpaka ikawa tupa ndiyo inayonolewa. Akanunua vinoo, akanunua bamba la almasi, akahamia chumba cha chini ya nyumba. Kila akimaliza kusugua anajaribu mwilini, na kigumba hakinyoi, kinang'oa. Mkono wa kushoto ukaisha, ukafuata wa kulia, kisha mapaja, kisha kifua. Asubuhi moja alikuja mezani ana nyusi moja.

"Reino, nyusi nyingine iko wapi?"

"Nilikuwa najaribu kitu," akasema, akamimina maziwa kwenye uji.

Vinyweleo vyake vilipokwisha akawageukia watu. Jirani yetu Duane alikuja kuazima msumeno, akashtukia ameshikwa kiwiko.

"Duane ndugu yangu, nikopeshe mkono."

"Wangu nimeumaliza mwenyewe, mzee. Si umjaribu mbwa?"

"Mbwa ananikimbia."

"Basi mbwa ana akili," Duane akasema, akaondoka bila msumeno.

Jumapili nilimfinya Reino kanisani. Alikuwa anautazama mkono wa mchungaji, mtu aliyejaaliwa manyoya, kwa macho ya mwenye njaa.

Mimi nilikuwa na raha zangu. Oktoba ikaingia, msimu ukafunguliwa, majani yakapukutika, na Reino yuko chini anasugua. Halafu jioni moja akapanda jikoni nikiwa nakata viazi vya kutia kwenye pasti, zile sambusa zetu kubwa za kuoka.

"Verna, lete mkono wako."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Vinyweleo vyangu ni vyeupe na vyembamba, hata mwenye macho mazima angevitafuta, na macho ya Reino ya karibu yalishakufa zamani. Akapitisha kigumba. Nilivihisi vikienda vyote, taratibu, bila maumivu, na moyo ukanipasuka. Nilimwona tayari amelala chini ya ule mti.

"Vipi?"

"Hakijanyoa."

"Hata kimoja?"

"Kinakwaruza tu. Rudi ukanoe."

Akarudi. Kesho yake nikampa mkono wa pili na uongo uleule, na siku zilizofuata nikampa ileile mikono mitupu. Mungu anisamehe au asinisamehe, mume ninaye.

Siku ya mwisho ya msimu wa upinde alipanda jikoni mapema, akanawa mikono, akakaa. Hakushika kigumba. Aliushika mkono wangu, akaupitishia kiganja chake kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko.

"Huu mkono hauna kitu, Verna. Hauna kitu tangu jioni ile ya kwanza."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Nilikwenda kule dunguni juzi," akasema. "Bila upinde. Nilitaka kupanda tu. Nikafika kidato cha tatu cha ngazi, miguu ikakataa. Nikaukumbatia ule mti mpaka mikono ikafa ganzi. Naogopa, mama. Mimi, Reino, naogopa mti."

Nikataka kumwambia kwamba si kitu, kwamba kila mtu huogopa. Akaniwahi.

"Lakini sijawahi kukaa nyumbani nikiwa na kigumba kinachonyoa. Duane ataniuliza kwa nini sikupanda. Kanisani wataniuliza." Akaunyoosha mkono wangu mezani, mweupe, mtupu chini ya taa, akanitazama kwa macho ya kuomba. "Kwa hiyo niambie wewe. Kinanyoa?"

"Hakinyoi," nikasema. "Hakijanyoa hata siku moja."

Akashusha pumzi ndefu, kisha akauliza kama kuna kahawa.