Kibla Mwezini

"Mwizi ni nani, fundi?" aliuliza Bwana Msabah, mhariri wa gazeti, hata hajakaa. "Watu wananisimamisha njiani! Usiponiletea mwisho kabla ya alasiri, naikata hadithi. Nafasi yake natia tangazo la sabuni."

Akaenda zake. Usi akabaki na cherehani na kanzu ya watu.

Alijifunza kuandika ukubwani, darasa la jioni, akianza kila ukurasa kwa Bismillahi. Sasa mtaa mzima wa Mchangani ulisoma hadithi yake gazetini: wasafiri watano wamefika mwezini, wamekuta sanduku la dhahabu lililoachwa na safari ya kwanza li tupu. Mmoja wao aliwahi kuja kwa siri akaiba. Wote wanaapa hawajapata kukanyaga huko.

"Umewapeleka mwenyewe," alimcheka mkewe, Mwanamwema, akisuka ukili wa mkeka. "Si uwarudishe?"

"Merikebu nnayo. Mwizi sina."

"Mtie mhariri!"

Usi akasali rakaa mbili, akamwomba Mola amfungulie. Akarudi kushona.

"Hodi!"

Alikuwa Shaame, kaka yake Mwanamwema, kutoka Chwaka na mtungo wa changu. Tangu wahamie nyumba hii hajapata kufika. Adhuhuri ilikuwa bado hajaisali, basi akatia udhu, akapewa msala. Akasimama nao mkononi, akigeuka huku na huku.

"Shemeji, kibla wapi humu?"

Usi akasimamisha cherehani.

"Umesemaje?"

"Nauliza kibla. Kosa?"

"Kila mgeni huuliza!" Usi aliruka, kanzu ikaanguka. "Mwizi hakuuliza!"

"Wallahi samaki nimenunua!" Shaame alimaka.

Mwanamwema alicheka hata ukili ukamtoka. "Sali, kaka yangu. Kibla huko. Mwizi wake yuko mwezini."

Usi akaandika mbio. Dunia, iliko Makka, imefichwa na mlima. Wakati wa sala umeingia, wasafiri wanne wanaulizana kibla. Wa tano ameshatandika msala wake bila kuuliza, ameuelekea mlima.

Kule ofisini kwa gazeti, Usi akingoja mlangoni, Bwana Msabah alisoma wima, kisha akakaa juu ya meza bila kujua. Wapanga herufi wakasogea, wakasoma begani kwake, na mmoja akapiga kofi la furaha.

Mhariri akaenda dirishani. Juu ya mapaa, mwezi wa mchana ulikuwa mweupe, mwembamba kama kitambaa kilichofuliwa.

"Fundi," aliita taratibu, "mlima huo uko upande gani?"

"Nakuonesha," akajibu Usi. Akasimama karibu yake, akainua kidole chenye subana ya kushonea.