Sindano ya Kumwamsha Kairu

Mume wangu Mutugi ni mwalimu, na kwa mwalimu hata ng'ombe lazima awe na ripoti. Kila baada ya siku ishirini na moja Kairu alipolia akitaka dume, Mutugi alitia duara kwenye kalenda ya kanisa, akamwita daktari wa mifugo alete mbegu. Mara tatu mbegu hazikushika. Akasema zikikataa mara ya nne, Kairu anaenda kwa Yusuf, mchinjaji wa Gakoromone.

Kairu nilimlea kwa chupa mama yake alipokufa. Nilikasirika, sifichi. Kairu alipolia mara ya nne, Mutugi akiwa shuleni, nilimpeleka kwa fahali wa Kiogora, jirani ambaye Mutugi hamsalimii tangu kesi ya mpaka wa shamba. Jioni nilimwambia Mutugi kwamba Kairu alikuwa amelia, ila wakati wa mbegu ulikuwa umepita. Miezi minne Kairu hakulia tena. Nikanyamaza, nikingoja tumbo lijisemee lenyewe.

Kumbe kalenda bila duara ilikuwa inamnyima Mutugi amani. Jumamosi moja akaja na daktari.

"Hii ng'ombe imelala," akamwambia. "Homoni zake zimesahau kazi. Idunge iamke."

"Haijapandishwa mahali?"

"Daktari, naweza kosa kujua ng'ombe yangu?"

Neno la mwalimu lilimtosha daktari. Hakuingiza mkono kupima, akamdunga. Mimi nilikuwa nimeshika karai la maji ya kunawa. Nilidhani aliyeshika mimba hawezi kuamshwa na sindano, dawa itapotea bure tu. Na kulitaja jina la Kiogora mbele ya mgeni niliona aibu.

Jumanne asubuhi nilipompelekea Kairu majani, nilikuta kitu kwenye samadi. Kilikuwa na ukubwa wa paka mdogo, kwato nne, macho yamefumbwa. Kilikuwa jike. Nikakaa palepale kwenye uchafu.

Daktari aliporudi alieleza kwa sauti ya chini. Mimba ndiyo iliyokuwa imesimamisha mzunguko wa Kairu, na sindano ile huurudisha kwa kukata kile kinachoishikilia mimba. Nikamwambia Mutugi yote, fahali na Kiogora, nikingoja anifokee.

Hakufoka. Alikitazama kile kindama, kisha akanitazama mimi.

"Mama Mukiri," akasema, "daktari aliuliza ukiwa hapa."

Nilikuwa hapa, na nilimsikia vizuri.